Mlevi Aliyeacha Ulevi Akae Wapi?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee wa mitaa katika siku za Jubilii



Nimeagizwa kunena juu ya jambo moja, na saa ni fupi, basi sitazunguka. Madhara ya pombe na ya unga mmekwisha kuyasikia mara nyingi, na mzazi aliye na kijana anayevuta heroini hahitaji kuhubiriwa ya kuwa heroini ni sumu. Nataka kunena habari za siku ile inayofuata. Kijana ameacha. Ametoka hospitalini, au ametoka gerezani, au jamaa zake wamemfungia chumbani juma zima hata arosto ikamwisha. Sumu haimo tena mwilini mwake. Je, usiku ule atalala wapi?

Swali hili laonekana kuwa dogo, walakini mimi nasema ndilo lililo kubwa kuliko yote, na sababu yake nitaieleza.

Watu wengi hudhani ya kuwa kuacha ndiyo kazi. Sivyo. Mwili uliozoea heroini, ukinyimwa, hutetemeka, hutapika, mifupa huuma, usingizi hutoroka. Lakini mateso hayo hupanda kwa siku mbili tatu, na katika muda wa juma moja au zaidi kidogo huwa yamepungua. Kazi hiyo ni chungu, ila ni fupi. Kazi iliyo ndefu ni kutorudia, nayo si ya juma moja wala ya mwezi mmoja. Ni ya miaka. Tena iko hatari moja ambayo jamaa wengi hawaijui. Mtu aliyekaa majuma kadhaa bila unga, mwili wake hupoteza uzoefu wake. Akirudia siku moja kwa kipimo kile kile alichokitumia zamani, kipimo hicho chaweza kumkata pumzi. Ndiyo maana majuma ya kwanza baada ya kutoka gerezani au hospitalini ni majuma yenye vifo vingi. Basi mahali atakapolala mtu huyu si jambo la starehe. Ni jambo la uhai wake.

Kwa kawaida hurudi kule kule alikotoka. Mama humpokea kwa machozi. Mjomba huificha redio. Wala tusimlaumu mjomba, maana redio ya kwanza ilikwisha kuuzwa, na sufuria, na mabati mawili ya jikoni. Hapana mtu nyumbani amwaminiye hata kwa fedha ya chumvi. Ajapokuwa amekaa siku arobaini bila kugusa kitu, akichelewa kurudi jioni huulizwa maswali kama mwizi. Kazi hana. Marafiki hana, isipokuwa wale wa maskani walioketi penye pembe ya njia, nao humwita kwa jina lake. Aliyekuwa akimwuzia kete angali yupo pale pale, na pengine siku ya kwanza humpa bure. Mtu aweza kuwa na nia ngumu kama chuma, lakini nia hiyo yakaa peke yake mchana na usiku katikati ya mambo yote yaliyomwangusha. Mimi sistaajabu kwamba wengi hurudia. Nastaajabu kwamba wako wasiorudia.

Sasa, juu ya jambo hili la malazi, watu waliolifikiri kwa bidii sana ni walevi wenyewe, wa mji mmoja wa Marekani. Nitawapeni habari zao kwanza, kisha tutarudi pwani kwetu.

Mwaka 1975, katika mji wa Silver Spring, jimbo la Maryland, palikuwa na nyumba ya serikali ya wilaya iliyowapokea wanaume walioacha pombe. Nyumba ile ilikuwa na wasimamizi wa mshahara, na amri ya kwamba muda ukitimia mtu aondoke, awe tayari asiwe tayari. Waliokaa ndani walikwisha kuona wenzao wakitolewa kwa amri hiyo, kisha wakasikia kwamba wamerudia kunywa. Mwaka ule wilaya ilitaka kupunguza gharama, ikaazimu kuifunga nyumba. Mmoja wa waliokaa humo alikuwa mwanasheria aliyepata kufanya kazi katika Baraza la Seneti la nchi ile, jina lake Paul Molloy, naye ulevi ulikuwa umemharibia kazi na nyumba. Yeye na wenzake wakashauriana, wakapata shauri ambalo wenye busara wa siku zile waliliona kuwa ni wazimu: walevi waipange nyumba wenyewe, wailipe wenyewe, waitawale wenyewe, pasipo msimamizi hata mmoja.

Wakaiita Oxford House. Jina hilo walilitwaa kwa ukumbusho wa Oxford Group, jamii ya Kikristo iliyoanzishwa na Frank Buchman, mchungaji Mlutheri wa Marekani, ambayo watu wake walikuwa wakikutana katika vikundi vidogo, wakiungamiana makosa na kuyatengeneza waliyoyaharibu. Katika jamii hiyo ndimo Bill Wilson alimopata msaada wa kwanza, yeye ambaye mwaka 1935 pamoja na tabibu Bob Smith alianzisha chama cha walevi walioacha, Alcoholics Anonymous. Basi mzizi wa nyumba hizi, ukiufuata, wafika mpaka katika mambo ambayo sisi nasi twayafahamu.

Kanuni kubwa za nyumba hiyo zilikuwa tatu, nazo hazijabadilika hata leo, ijapokuwa nyumba zenyewe sasa zapita 3,000. Nyumba hujitawala kwa kura ya waliomo. Nyumba hujilipia gharama zake yenyewe. Na anayekunywa au kutumia hutolewa mara moja.

Wengi wakizisikia kanuni hizi huishika ile ya mwisho, kwa kuwa ni kali. Ni kali kweli. Mama zetu wataniuliza, je, mtoto akiteleza mara moja tu, atupwe nje usiku? Jibu ni kwamba wako wengine tisa wanaolala chini ya paa lile, na kila mmoja wao ameshikilia maisha yake kwa kamba nyembamba. Mmoja akileta kete ndani, kamba zote zimo hatarini. Wala hakufukuzwa milele, maana baada ya muda aweza kuomba tena, naye huombewa kura kama mgeni. Nami naongeza neno langu mwenyewe: atolewapo mtu, na asindikizwe mpaka kwa tabibu au kwa jamaa, asiachwe barabarani peke yake, kwa sababu ile niliyoitaja ya mwili uliopoteza uzoefu.

Walakini kwa mawazo yangu dawa yenyewe haimo katika kanuni ile kali. Imo katika zile mbili za kwanza, ambazo watu huzipita haraka. Fikirini habari za kodi. Mwisho wa juma kila mmoja atoa sehemu yake, sawa na mwenziwe, ya kodi na umeme na maji. Asiyetoa huonekana, kwa maana hesabu husomwa mbele ya wote katika mkutano wa kila juma. Hapana mama wa kumlipia kwa siri. Basi hapana budi atafute kazi, hata kazi ya kufagia, na akiipata aamke mapema, na akiamka mapema hawezi kukesha. Ndivyo kodi peke yake, bila mahubiri, inavyompangia mtu siku yake.

Tena fikirini habari za uchaguzi. Nyumba huchagua mwenyekiti, mwandishi, mtunza hazina na wengine, wala mtu haruhusiwi kukaa katika cheo kimoja zaidi ya miezi sita mfululizo. (Kanuni hiyo, nadhani, ingefaa hata katika vyama visivyo vya walevi.) Pima sasa maana yake. Mtu ambaye nyumbani kwao hakuaminiwa fedha ya chumvi, huku apewa daftari la hesabu ya nyumba nzima na kuambiwa, Wewe ndiwe mtunza hazina wetu. Hakuambiwa na tabibu wala na afisa. Ameambiwa na watu wanaojua hila zote za mlevi, maana walizitenda wenyewe. Hadanganyi kwa urahisi mbele ya watu kama hao. Na akilitunza daftari lile miezi sita bila senti kupotea, jambo limefanyika ndani yake ambalo sindano ya hospitali haiwezi kulifanya.

Mgeni naye haingii kwa amri ya mkubwa. Huja jioni, huketi mbele ya waliomo, huulizwa maswali, kisha hupigiwa kura. Na wanaokubali hawana budi kufika 80 katika kila 100. Katika nyumba ya watu kumi, wanane wakubali. Hivyo anayeingia ajua ya kwamba ametakiwa, na waliomkubali wajua ya kwamba wamejifunga naye.

La mwisho, nalo ndilo lililozaliwa na machungu ya nyumba ile ya kwanza: hapana mwisho wa muda. Mtu akilipa, na asipokunywa, hukaa miezi mitatu au miaka mitatu, apendavyo. Mtu aliyeharibu miaka kumi na mitano haponi kwa sababu karatasi ya ofisi yasema siku zake zimetimia.

Mtaniuliza kama mambo haya yamepimwa, au ni sifa tu za wenyewe. Yamepimwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha DePaul, katika mji wa Chicago, wakiongozwa na Leonard Jason, waliwatwaa watu 150 waliomaliza matibabu ya ulevi katika jimbo la Illinois, wakawagawanya kwa bahati tu, pasipo kuchagua: nusu waliingia katika nyumba hizi, nusu waliendelea na msaada wa kawaida. Wakawafuata miaka miwili, na mwaka 2006 wakaichapisha habari yao. Katika wale wa msaada wa kawaida, watu kama 65 katika kila 100 walikuwa wamerudia kutumia; katika wale wa nyumba, kama 31. Mapato ya mwezi ya watu wa nyumba yalikuwa dola 989, ya wenzao dola 440. Waliofungwa gerezani walikuwa 3 katika 100 kwa 9. Na katika wale wa nyumba wenyewe, waliokaa miezi sita au zaidi walisimama kuliko walioondoka mapema.

Namba hizo ni njema, lakini tusizifanye kuwa uganga. Hata katika nyumba hizo karibu theluthi moja walirudia. Tena Illinois si Tanga wala Malindi: kule mtu asiye na cheti aweza kupata kazi ya mshahara katika majuma machache, na huku kijana mwenye cheti huzunguka mwaka mzima.

Basi turudi kwetu. Heroini iliingia katika miji ya pwani yetu hasa tangu miaka ya 1980, na leo hapana mzee hapa asiyejua nyumba iliyoguswa. Unguja, tangu mwaka 2009, watu waliokuwa waraibu, wakiisha kupata nafuu, walianza kufungua nyumba kwa ajili ya wenzao, na mfano wao ukafuatwa katika miji mingine. Serikali yaziita nyumba za upataji nafuu. Vijana wenyewe huziita soba. Lililo zuri sana ndani yake ni hilo hilo la kule Silver Spring: anayempokea mgonjwa ni mtu aliyepita njia ile ile, na aliyemaliza muda wake mara nyingi hubaki akawahudumia wanaoingia.

Walakini ziko tofauti, nasi yatupasa kuziona. Nyumba zetu nyingi zafanana zaidi na chuo: kuna ratiba, kuna mafundisho, kuna wasimamizi, na ada hulipwa na jamaa. Mtu hukaa miezi kadhaa, kisha hutoka. Sisemi ni kosa. Mtu aliyetoka katika arosto jana hawezi kupiga kura ya busara leo, na kwanza ahitaji kuongozwa. Nasema tu kwamba ikiisha miezi hiyo, tumerudi kwenye swali letu la mwanzo. Atalala wapi? Nyumba ya pili, ile ambayo watu sita au kumi walio imara kidogo huipanga wenyewe kwa kazi zao na kukaa bila kuhesabiwa siku, hiyo ndiyo haba sana kwetu. Na kwa wanawake ni haba maradufu. Aibu ya mwanamke mlevi katika mji wetu ni nzito hata jamaa humficha, na akiwa na mtoto mdogo hapana pa kumpokea na mtoto wake. Kule Marekani ziko nyumba za wanawake peke yao, na nyingine za wanawake pamoja na watoto wao.

Liko jambo la methadoni, nalo huleta ubishi. Dawa hii hunywewa kila siku mbele ya mwuguzi. Humwondolea mtu arosto na hamu, akaweza kufanya kazi. Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, Kenya ikafuata mwishoni mwa mwaka 2014. Sasa ziko nyumba, kwao na kwetu, zinazomkataa anayekunywa methadoni, zikisema kwamba bado anatumia. Naziheshimu nia zao, lakini sikubaliani nazo. Mwenye kisukari hatumwiti mlevi kwa sababu ya sindano yake ya asubuhi. Kumwambia mtu achague kati ya dawa iliyomsimamisha na paa la kulala ni kumwondolea mguu mmoja ili kumpa mwingine.

Tena liko jambo la majirani, nalo latuhusu sisi tuliomo humu zaidi ya waraibu wenyewe. Katika mji wa Edmonds, jimbo la Washington, nyumba ya namna hii ilifunguliwa katika mtaa wa watu wa makamo, na serikali ya mji ikataka kuiondoa, ikishika sheria ya kwamba wasio ndugu wasikae zaidi ya watano katika nyumba moja. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, nayo mwaka 1995, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ikatoa hukumu kwamba sheria ya mji ule haikusalimika na sheria ya nchi inayokataza kuwabagua wagonjwa katika makazi. Kwetu hapana haja ya mahakama. Mwenye nyumba hukataa kwa maneno matatu tu, na mtaa mzima humsifu. Husema, Wataiba. Lakini fikirini: wale vijana tayari wako mtaani. Wako chini ya mwembe, na nyuma ya soko. Anayekaa katika nyumba ambayo wenzake tisa wanamtazama, na kodi yamngoja mwisho wa juma, ndiye ambaye jirani angepaswa kumwogopa kidogo kuliko wote.

Hata hivyo sikusudii kuwafumba macho. Jina jema huvutia watu wabaya. Mwaka 2023, katika jimbo la Arizona, yaligunduliwa mambo ya kutisha. Watu waliofungua nyumba za uongo walikuwa wakiwachukua wenyeji wa asili, Wanavaho na wengineo, hata kutoka majimbo ya mbali, wakiwaahidi matibabu. Wakawaweka ndani bila matibabu, pengine wakiwaacha wanywe, huku wakidai malipo kwa fungu la serikali la tiba ya maskini. Serikali ilipozuia malipo, nyumba nyingi zikafungwa ghafula, na watu wakajikuta barabarani mbali na kwao. Basi mzazi anayepeleka mtoto kwenye nyumba yoyote, iwe ya dini au isiwe, na aulize bila haya. Fedha zaandikwa wapi, na waliomo waruhusiwa kuliona daftari? Mlango wafungwa kwa ndani au kwa nje? Je, aliyemo aweza kusema na mama yake faraghani? Penye minyororo au fimbo, hata ikisemwa kwamba ni kwa ajili ya maombi, mtoe mtoto siku hiyo hiyo.

Mwisho nitaje jambo la fedha, kwa kuwa wazee wataniuliza. Nyumba ya namna ile ya pili haihitaji jengo jipya wala mfadhili wa kudumu. Gharama zake za kila mwezi wenyewe waweza kuzibeba, wakiwa sita na wakiwa na vibarua. Kinachowashinda ni mlango wa kuingilia. Katika miji yetu mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kabla hajatoa ufunguo, na watu sita waliotoka tiba juzi hawana hata ya mwezi mmoja. Wamarekani walikutana na kizuizi hicho hicho, na kwa sheria ya mwaka 1988 majimbo yao yaliagizwa kuweka mfuko wa mkopo kwa ajili ya nyumba hizi, agizo ambalo baadaye liliachwa kuwa hiari. Kikundi cha watu sita au zaidi kiliweza kukopeshwa mpaka dola 4,000, si bure, bali kwa kurudishwa kidogo kidogo katika muda wa miaka miwili, aliyechelewa alitozwa. Mfuko mmoja wa mtaa, au wa mitaa miwili mitatu iliyoungana, waweza kufanya vivyo hivyo: ulipe kodi ile ya kwanza kwa mwenye nyumba, waliomo waurudishie kila mwisho wa mwezi, na daftari lisomwe mbele yao na mbele ya wazee. Fedha zikisha kurudi, wakopeshwe wengine sita.